Pelle Lindbergh

Göran Per-Eric Lindbergh, anayejulikana zaidi kama Pelle Lindbergh (Stockholm, Uswidi, 24 Mei 1959 – Stratford, New Jersey, Marekani, 11 Novemba 1985), alikuwa mchezaji wa hoki ya barafuni kutoka Uswidi. Alicheza kama golikipa katika klabu za Hammarby IF na AIK za mjini Stockholm, katika timu ya taifa ya Uswidi, na hasa katika timu ya Philadelphia Flyers ya Ligi ya Taifa ya Hoki ya Amerika Kaskazini, ambayo kwa kifupi huitwa NHL.

Mwaka 1985 Lindbergh alikuwa golikipa wa kwanza aliyelelewa na kufundishwa mchezo huo Ulaya kupata Tuzo ya Vezina, ambayo hutolewa kila mwaka kwa golikipa bora wa NHL. Miezi mitano baadaye alifariki kutokana na ajali ya gari alilokuwa akiliendesha mwenyewe huku amelewa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

## Maisha ya awali

Lindbergh alizaliwa na kukulia Södermalm, kisiwa kilicho sehemu ya kusini ya jiji la Stockholm. Katika miaka hiyo Södermalm palikuwa hasa mahali pa familia za wafanyakazi, na klabu ya eneo hilo ilikuwa Hammarby IF. Alikuwa mtoto wa mwisho na mvulana pekee. Aliwafuata dada wawili.

Alijiunga na timu za watoto za Hammarby na tangu mwanzo alipenda kukaa golini. Hata alipokua hakuwa mtu wa umbo kubwa: urefu wake ulikuwa takriban sentimita 175. Uwezo wake ulitokana na wepesi wa miguu na mikono.

Akiwa bado kijana alimchagua Bernie Parent kuwa mfano wake. Parent, Mkanada, alikuwa golikipa wa Philadelphia Flyers timu hiyo ilipotwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 1974 na tena mwaka 1975. Lindbergh alijifunza namna ya Parent ya kusimama, na baadaye alivaa barakoa nyeupe isiyo na mapambo iliyofanana na yake. Tangu utotoni aliwaambia watu kwamba siku moja atakuwa golikipa wa Flyers. Wakati huo lilikuwa jambo la ajabu kwa mvulana wa Uswidi kulisema, kwa sababu hakuna golikipa wa nchi hiyo aliyewahi kucheza NHL.

Aliichezea timu ya wakubwa ya Hammarby, iliyokuwa katika daraja la pili la Uswidi, hadi mwaka 1979. Kisha akahamia AIK, klabu nyingine ya Stockholm, na kucheza msimu wa 1979–80 katika ligi kuu ya Uswidi.

## Timu ya taifa

Jina la Lindbergh lilianza kujulikana kimataifa kupitia timu za vijana. Katika mashindano ya dunia ya vijana ya mwaka 1979, yaliyofanyika Uswidi, alichaguliwa kuwa golikipa bora. Mwaka huohuo aliitwa katika timu ya wakubwa kwa ajili ya mashindano ya dunia mjini Moscow. Uswidi ilipata medali ya shaba.

Mwezi Februari 1980 alishiriki Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Lake Placid, katika jimbo la New York. Mechi ya kwanza ya Uswidi ilikuwa dhidi ya wenyeji, tarehe 12 Februari. Uswidi ilikuwa ikiongoza kwa mabao 2–1 hadi dakika ya mwisho. Wamarekani wakamtoa golikipa wao ili waongeze mshambuliaji mmoja, na zikiwa zimebaki sekunde 27 Bill Baker akasawazisha. Mechi iliisha kwa sare ya 2–2.

Sare hiyo ilipata uzito zaidi siku zilizofuata. Timu ya Marekani, iliyoundwa na wanafunzi wa vyuo na wachezaji wengine wa ridhaa, iliishinda Umoja wa Kisovyeti kwa mabao 4–3 na kutwaa medali ya dhahabu, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Hivyo Uswidi, Lindbergh akiwa golini, ilikuwa timu pekee katika mashindano hayo ambayo Wamarekani hawakuifunga. Uswidi yenyewe ilimaliza ya tatu na kupata medali ya shaba.

Lindbergh aliichezea pia Uswidi katika Kombe la Kanada la mwaka 1981.

## Hali ya magolikipa wa Ulaya katika NHL

Hadi miaka ya 1970 NHL ilikuwa karibu ligi ya Wakanada peke yao. Mchezaji aliyebadilisha hali hiyo ni beki Börje Salming, naye kutoka Uswidi, aliyejiunga na Toronto Maple Leafs mwaka 1973. Salming alipigwa na kusukumwa kupita kiasi na wapinzani waliotaka kumjaribu, na miongoni mwa timu zilizojulikana sana kwa ukali wa namna hiyo ni Philadelphia Flyers wenyewe. Salming alivumilia, akacheza miaka mingi, na njia ikafunguka kwa mabeki na washambuliaji wengine wa Ulaya.

Kwa magolikipa mambo yalikwenda polepole zaidi. Hardy Åström alikuwa golikipa wa kwanza wa Uswidi kucheza NHL, akiwa na New York Rangers katika msimu wa 1977–78, na baadaye alicheza Colorado, lakini hakudumu katika ligi hiyo. Watu wengi wa NHL waliamini kwamba golikipa aliyejifunzia Ulaya hawezi kuhimili mashuti ya Amerika Kaskazini.

Kulikuwa na tofauti halisi iliyofanya kazi hiyo iwe ngumu. Uwanja wa kimataifa wakati huo ulikuwa na upana wa mita 30, na ule wa NHL mita 26 hivi. Katika uwanja mwembamba mchezaji hufika karibu na lango kwa haraka, na mashuti huwa mengi zaidi. Kisahani kigumu cha mpira kinachotumika katika hoki kina uzito wa takriban gramu 170 na kinaweza kwenda kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Isitoshe, msimu wa kawaida wa NHL ulikuwa na mechi 80, zaidi ya mara mbili ya mechi za ligi ya Uswidi, pamoja na safari ndefu za ndege kati yake.

Flyers walimchagua Lindbergh mwezi Agosti 1979 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NHL. Alikuwa mchezaji wa 35 kuchaguliwa, katika raundi ya pili. Miezi sita kabla ya hapo Bernie Parent alikuwa ameumizwa jicho na gongo la mchezaji mwingine na kulazimika kustaafu. Klabu ikampa Parent kazi ya kuwafundisha magolikipa, na kwa njia hiyo Lindbergh akapata kuwa mwanafunzi wa mtu aliyekuwa akimwiga tangu utotoni.

## Maine Mariners

Lindbergh alihamia Marekani mwaka 1980. Kama ilivyo kawaida kwa wachezaji wengi wapya, hakuanza moja kwa moja katika NHL bali alipelekwa Maine Mariners, timu ya akiba ya Flyers iliyokuwa na makao yake mjini Portland, Maine. Timu hiyo ilishiriki Ligi ya Hoki ya Marekani, ambayo ni daraja la chini ya NHL.

Msimu wake wa kwanza, 1980–81, ulikuwa wa mafanikio makubwa. Alicheza mechi 51 na kushinda 31. Mwishoni mwa msimu alipewa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi katika ligi na tuzo ya chipukizi bora, na pamoja na golikipa mwenzake Robbie Moore alipata tuzo ya magolikipa wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi. Mariners walifika fainali ya ligi hiyo lakini wakashindwa na Adirondack.

Msimu uliofuata aliugawa kati ya Maine na Philadelphia. Flyers walimchezesha mechi 8, zake za kwanza katika NHL.

## Philadelphia Flyers

### Misimu ya 1982–83 na 1983–84

Kuanzia vuli ya mwaka 1982 Lindbergh alikuwa golikipa wa kudumu wa Flyers chini ya kocha Bob McCammon, aliyekuwa kocha wake pia huko Maine. Alianza vizuri na kuitwa katika Mechi ya Nyota ya NHL, ingawa alikuwa bado chipukizi.

Tarehe 6 Januari 1983 Flyers walicheza mechi ya kirafiki na timu ya Umoja wa Kisovyeti iliyokuwa ziarani, wakafungwa 5–1. Katika mechi hiyo Lindbergh aliumia kifundo cha mkono na ikabidi apumzike kwa wiki kadhaa. Alirudi kwa ajili ya Mechi ya Nyota ya mwezi Februari huko Uniondale, New York. Siku hiyo Wayne Gretzky alifunga mabao manne katika kipindi cha tatu peke yake, na aliyekuwa golini upande wa pili ni Lindbergh.

Hata hivyo msimu wake kwa jumla ulikuwa mzuri: mechi 40, ushindi 23, na wastani wa kufungwa chini ya mabao 3 kwa mechi. Alichaguliwa katika kikosi cha chipukizi bora wa ligi. Flyers walitolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano na New York Rangers, wakipoteza mechi zote tatu.

Msimu wa 1983–84 ulikuwa mgumu. Lindbergh alipoteza kujiamini, na wastani wake wa kufungwa ulipanda hadi kuzidi mabao 4 kwa mechi. Nafasi yake katika mechi nyingi ilichukuliwa na Mkanada Bob Froese. Kwa muda mfupi alirudishwa hata katika ligi ya chini, akacheza mechi 4 na timu ya Springfield. Flyers walitolewa tena katika raundi ya kwanza, safari hii na Washington Capitals. Wale waliokuwa na shaka juu ya magolikipa wa Ulaya walikuwa na sababu ya kusema kwamba mashaka yao yalikuwa ya kweli.

### Msimu wa 1984–85

Mwaka 1984 klabu ilifanya mabadiliko makubwa. Nahodha wa zamani Bobby Clarke alistaafu kucheza akawa meneja mkuu, na Mike Keenan, aliyekuwa bado hajafundisha katika NHL, akawa kocha. Timu ilikuwa ya vijana. Nahodha mpya alikuwa Dave Poulin, Tim Kerr aliongoza katika kufunga, na ulinzi uliwategemea Mark Howe na Brad McCrimmon. Wazungu wengine kutoka Ulaya waliokuwamo kikosini ni pamoja na Mswidi Thomas Eriksson na Mfini Ilkka Sinisalo.

Keenan alijulikana kwa ukali na kwa kubadilisha magolikipa mara kwa mara, lakini mwaka huo alimtegemea Lindbergh. Huyu alicheza mechi 65 kati ya 80 na kushinda 40, idadi kubwa kuliko golikipa mwingine yeyote wa ligi msimu huo. Flyers walimaliza msimu wa kawaida wakiwa na pointi 113, nyingi kuliko timu nyingine yoyote katika NHL.

Katika mtoano waliwashinda kwanza Rangers katika mechi tatu mfululizo, kisha New York Islanders, waliokuwa mabingwa mara nne mfululizo kuanzia 1980 hadi 1983. Katika nusu fainali waliwatoa Quebec Nordiques kwa mechi 4 dhidi ya 2. Mechi ya mwisho ya mfululizo huo iliisha kwa ushindi wa 3–0, Lindbergh akitoka bila kufungwa.

Fainali ya Kombe la Stanley ilikuwa dhidi ya mabingwa watetezi, Edmonton Oilers ya Wayne Gretzky. Flyers walishinda mechi ya kwanza 4–1, lakini wakapoteza nne zilizofuata. Lindbergh alicheza akiwa na maumivu ya mguu, na hali ilipozidi hakuweza kushiriki mechi ya tano. Froese alikaa golini siku hiyo na Oilers walishinda 8–3.

Mwezi Juni 1985 Lindbergh alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Vezina, iliyopewa jina la Georges Vézina, golikipa wa Montreal Canadiens aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1926. Zamani tuzo hiyo ilitolewa kwa kuhesabu tu mabao ambayo timu ilifungwa. Tangu msimu wa 1981–82 washindi huchaguliwa kwa kura za mameneja wakuu wa timu zote za NHL. Kwa hiyo ushindi wa Lindbergh ulikuwa uamuzi wa watu walewale waliokuwa wakiajiri magolikipa. Kabla yake Charlie Gardiner, mzaliwa wa Uskoti, aliwahi kuipata katika miaka ya 1930, lakini Gardiner alihamia Kanada akiwa mtoto na alijifunza hoki huko. Lindbergh aliingizwa pia katika kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi kwa mwaka huo. Aliyemkabidhi tuzo alikuwa Bernie Parent, ambaye mwenyewe aliipata mwaka 1974 na 1975.

## Mtindo wa uchezaji

Lindbergh alishika kisahani kwa glavu ya mkono wa kushoto na gongo kwa mkono wa kulia. Kwa kuwa hakuwa na mwili wa kuliziba lango, ambalo katika hoki lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, alitegemea kasi. Aliteleza kutoka nguzo moja hadi nyingine haraka kuliko magolikipa wengi wa wakati wake, na aliweza kuanguka na kuinuka tena kabla mpinzani hajapiga shuti la pili.

Alipofika Marekani tatizo lake lilikuwa kubaki nyuma sana, karibu na mstari wa goli, kama ilivyokuwa desturi katika viwanja vipana vya Ulaya. Parent alimfundisha kusogea mbele kumkabili mpigaji ili kupunguza nafasi anayoiona, na kusimama imara badala ya kuwahi kujirusha. Mabadiliko hayo yalionekana wazi katika msimu wa 1984–85.

Lindbergh na Froese hutajwa pia kama magolikipa walioanzisha katika NHL desturi ya kuweka chupa ya maji juu ya wavu wa goli, ili golikipa anywe wakati mchezo umesimama. Katika fainali ya mwaka 1985 upande wa Edmonton ulilalamikia chupa hiyo. Siku hizi karibu kila golikipa wa ligi anayo.

## Ajali na kifo

Flyers walianza msimu wa 1985–86 kwa nguvu. Kufikia usiku wa Jumamosi tarehe 9 Novemba 1985, walipowafunga Boston Bruins 5–3, walikuwa wameshinda mechi 10 mfululizo. Lindbergh, aliyekuwa amecheza mechi 8 na kushinda 6 msimu huo, alipumzishwa siku hiyo. Mechi iliyofuata ilikuwa siku tano mbele, kwa hiyo wachezaji walikwenda pamoja kustarehe. Usiku huo uliendelea hadi alfajiri katika baa iliyokuwa ndani ya jengo la mazoezi la timu huko Voorhees, New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia.

Lindbergh alipenda magari ya kasi. Alikuwa na Porsche 930 Turbo nyekundu iliyoongezewa nguvu, na wenzake walijua kwamba aliiendesha mbio. Baadhi yao, pamoja na viongozi wa klabu, walikuwa wamemwonya juu ya jambo hilo.

Alfajiri ya Jumapili tarehe 10 Novemba, kabla ya saa 12 asubuhi, aliondoka kwa gari hilo akiwa na abiria wawili, ingawa lilikuwa na viti viwili tu vya kawaida. Huko Somerdale, umbali mfupi kutoka walikotoka, gari lilishindwa kukata kona likagonga ukuta wa saruji mbele ya shule ya msingi. Abiria wote wawili waliumia vibaya lakini walipona. Lindbergh alipata majeraha makubwa ya ubongo na uti wa mgongo.

Vipimo vilionyesha kwamba kiwango cha pombe katika damu yake kilikuwa asilimia 0.24. Kiwango kilichoruhusiwa na sheria ya New Jersey kwa dereva wakati huo kilikuwa asilimia 0.10.

Alipelekwa hospitalini Stratford, ambako madaktari walieleza kwamba ubongo wake umekufa na kwamba mashine pekee ndizo zinazomfanya apumue. Mama yake alikuwa Marekani wakati huo kumtembelea. Baba yake alisafiri kwa ndege kutoka Uswidi. Familia ilikubali viungo vyake vitolewe kwa ajili ya wagonjwa wengine, na mashine zikazimwa tarehe 11 Novemba 1985.

## Baada ya kifo

Tarehe 14 Novemba Flyers walirudi uwanjani kwao, Spectrum, kucheza na Edmonton Oilers, timu ileile iliyowashinda katika fainali. Kabla ya mechi kulikuwa na ibada ya kumbukumbu mbele ya watazamaji, na Bernie Parent alikuwa miongoni mwa waliozungumza. Froese alikuwa ameumia mazoezini, kwa hiyo kijana Darren Jensen, ambaye kabla ya hapo alikuwa amecheza mechi moja tu ya NHL, ndiye aliyekaa golini. Flyers walishinda 5–3. Mfululizo wao wa ushindi uliendelea hadi kufikia mechi 13.

Lindbergh alizikwa Stockholm. Misa ya mazishi ilifanyika katika Kanisa la Sofia lililoko Södermalm, na kaburi lake liko katika makaburi ya Skogskyrkogården, ambayo tangu mwaka 1994 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Msimu huo kwa mara ya kwanza mashabiki wa NHL waliruhusiwa kupiga kura kuwachagua wachezaji wa kuanza katika Mechi ya Nyota. Walimpa Lindbergh kura nyingi kuliko golikipa mwingine yeyote wa upande wake, miezi miwili baada ya kifo chake. Froese na Jensen walipata kwa pamoja tuzo ya magolikipa wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi, lakini Flyers walitolewa na Rangers katika raundi ya kwanza ya mtoano. Mwaka uliofuata golikipa chipukizi Ron Hextall aliwafikisha tena fainali, akapata Tuzo ya Vezina, na Oilers wakawashinda kwa mara nyingine.

## Urithi na kumbukumbu

Flyers hawajaistaafisha rasmi jezi namba 31 aliyoivaa Lindbergh, lakini tangu kifo chake hakuna mchezaji wao mwingine aliyepewa. Tangu msimu wa 1993–94 klabu hutoa Kombe la Kumbukumbu la Pelle Lindbergh kwa mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi kulinganisha na msimu uliotangulia. Wanaomchagua ni wachezaji wenzake. Tuzo hiyo inafanana na maisha yake mwenyewe, kwa kuwa alishushwa daraja mwaka 1984 na mwaka mmoja baadaye akawa golikipa bora wa ligi.

Wasifu wake uliandikwa na Bill Meltzer na Thomas Tynander katika kitabu kilichotolewa kwa Kiswidi na baadaye kwa Kiingereza.

Mchango wake mkubwa zaidi unaonekana katika orodha ya washindi waliomfuata. Baada yake ilipita miaka tisa kabla golikipa mwingine kutoka Ulaya, Dominik Hašek wa Ucheki, kupata Tuzo ya Vezina mwaka 1994. Hašek aliipata mara sita kwa jumla. Baadaye walifuata Miikka Kiprusoff wa Ufini, Henrik Lundqvist wa Uswidi mwaka 2012, Sergei Bobrovsky wa Urusi na wengine. Lundqvist alikuwa Mswidi wa pili kuishinda, miaka 27 baada ya Lindbergh. Leo hakuna anayeuliza kama golikipa wa Ulaya anaweza kucheza NHL.

Kwa upande mwingine, kifo chake kimebaki mfano unaotajwa mara kwa mara katika michezo ya Amerika Kaskazini panapozungumzwa hatari ya kuendesha gari baada ya kunywa pombe. Katika umri wa miaka 26 golikipa wa hoki kwa kawaida anaanza tu miaka yake bora.

## Takwimu

Mechi za msimu wa kawaida katika NHL, zote akiwa na Philadelphia Flyers:

- 1981–82: mechi 8, ushindi 2, kushindwa 4, sare 2
- 1982–83: mechi 40, ushindi 23, kushindwa 13, sare 3
- 1983–84: mechi 36, ushindi 16, kushindwa 13, sare 3
- 1984–85: mechi 65, ushindi 40, kushindwa 17, sare 7
- 1985–86: mechi 8, ushindi 6, kushindwa 2, sare 0
- Jumla: mechi 157, ushindi 87, kushindwa 49, sare 15

Katika baadhi ya mechi aliingia au alitoka kabla ya mchezo kuisha, kwa hiyo matokeo yake hayakuhesabiwa kwake.

## Tuzo na medali

- Medali ya shaba, mashindano ya dunia, Moscow 1979
- Golikipa bora, mashindano ya dunia ya vijana 1979
- Medali ya shaba, Michezo ya Olimpiki, Lake Placid 1980
- Mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi na chipukizi bora, Ligi ya Hoki ya Marekani 1981
- Kikosi cha chipukizi bora wa NHL 1983
- Tuzo ya Vezina na kikosi cha kwanza cha nyota wa NHL 1985